Mwaka Niliomjibu Mpenda Haki

Juzi, kwenye khitma ya marehemu Hilal, mtu ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini sijaweza kulisikia jina lake bila ya kuinuka nikaondoka alinifuata hadi kwenye daka la nyumba, akicheka, akaniamkia kama tulioagana jana. Mimi nilikuwa nateremka kutoka juu walikokaa wanawake, mkononi nina sahani ya biriani iliyofunikwa, ya kumpelekea jirani mgonjwa. Yeye alikuwa ndio kwanza anatoka upande wa wanaume, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya, ndevu zimekuwa nyeupe na zimemkaa vizuri, mtu wa kupendeza kwa kila asiyemjua. "Rukia! Wallahi hukubadilika hata kidogo," akasema. "Unazikumbuka siku zile? Lile ndilo lilikuwa baraza, bwana. Siku hizi kwenye masimu watu wanatukanana tu, hoja hakuna." Nikamwuliza, "Bi Kazija unamkumbuka?" Akainamisha kichwa, akatafuta kwelikweli, niliona anatafuta kwa moyo mkunjufu, kama mtu anayepapasa funguo mfukoni. "Kazija yupi huyo?" akauliza. Sikumjibu. Nilitoka nje, nikasimama kichochoroni, nikatema mate ukutani, mimi mtu mzima niliyevaa buibui la heshima, na wapita njia wakanitazama.

Nitaeleza ya mwaka ule mmoja tu. Nilikozaliwa na nilikosoma hakuna neno hapa. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nikiishi Kikwajuni, na kila asubuhi nilikwenda kwa miguu hadi Mkunazini, kwenye duka la intaneti la Hilal. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, zama ambazo mtu akitaka kumwandikia ndugu yake aliyeko Maskati au London alikuja kungoja zamu kwetu, kisha akagonga herufi moja moja kwa kidole cha shahada. Duka lilikuwa chumba kimoja cha chini katika nyumba ya mawe, zamani ghala ya karafuu, na mvua ikinyesha kuta zilitoa harufu ile kana kwamba magunia yangali yamo. Kulikuwa na kompyuta tano na feni mbili, moja ikizunguka na nyengine ikitetemeka tu. Meza yangu ilikuwa karibu na mlango, juu yake chupa ya chai na daftari la zamu. Saa nne tulinunua mkate wa kumimina na mbaazi za nazi kwa mama wa nyumba ya pili, na Hilal alikula amesimama, sahani ameiweka juu ya kompyuta mbovu, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mpole, hasemi kwa sauti. Ukoo wake zamani ulikuwa na mashamba. Yeye hakuwa na shamba wala hakulitaka. Alichokuwa nacho, na alichokipenda kuliko watoto wake, ni ukurasa wake kwenye mtandao alioupa jina Yuko Wapi.

Ukurasa wenyewe ulikuwa mwepesi, wala hauna mapambo. Mtu anaandika: namtafuta fulani, mara ya mwisho alionekana pahala fulani, mimi ni fulani wake. Chini yake wengine wanaandika wanachokijua. Watu wa Unguja wametawanyika dunia nzima, kila mmoja kwa sababu yake, na wengi walikuwa na mtu waliyempoteza njiani. Kazi yangu ilikuwa kuwaandikia wasiojua kugonga, na kusoma yaliyoandikwa kila asubuhi. Nilikuwa na neno la siri la kuweza kufuta, lakini tangu nianze sikuwahi kulitumia ila kwa matangazo ya wauza dawa za nguvu. Watu walipatana pale. Mwanamke mmoja wa Maskati alimpata dada yake wa kunyonya yupo mitaa miwili kutoka nyumbani kwangu, akatuletea halua bakuli zima, na tuliila sote dukani tukiramba vidole. Na wakosoaji walikuwepo, wala hatukuwachukia. Kulikuwa na mzee wa Malindi aliyeandika mara kwa mara: mtaa mliouandika haukuwa na jina hilo wakati huo, au, huyo mnayemsema alikuwa na ndugu wa jina moja, tazameni msije mkampata siye. Alikuwa mkali, hana maneno ya asali, lakini tulimshukuru kila mara na kusahihisha. Nayasema haya kwa sababu siku hizi nasikia watu wakibishana, kwenye makundi yao ya simu, kama mkosoaji mwenye nia mbaya ajibiwe au aachwe, na daima hutokea mmoja akasema: basi nyinyi hamtaki kukosolewa. Yule mzee alikuwa akitukosoa ili anayetafuta afike kwa anayetafutwa. Huyo ninamjibu mpaka kesho.

Bi Kazija alikuja siku moja ya kusi, upepo umejaza vumbi kwenye vichochoro. Alitoka Jambiani alfajiri. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, kanga mbili zimefungwa madhubuti, na mikono yake ilikuwa imechanikachanika kwa kamba na chumvi, kwani alikuwa mkulima wa mwani. Kila maji yakitoka yumo baharini ameinama. "Shikamoo, Bi," nikasema. "Marahaba, mwanangu. Nnaambiwa hapa ndo mahali pa kuuliza mtu." Alizungumza Kiswahili cha mjini kwa uangalifu, kama mtu avuaye viatu mlangoni, chake cha nyumbani kilikuwa Kikae, na kila akisahau kilichungulia. Alikuwa akimtafuta mdogo wake, Pandu, aliyeondoka kama baharia mwaka wa themanini na tano na barua zake zikakatika. Alifungua ncha ya kanga akatoa picha ndogo ya kijana amesimama mbele ya pazia la studio, mkono kiunoni. Nikamwambia aseme anachotaka kumwambia. Akafikiri kidogo, akasema: "Mwambie, Pandu, mie dadako Kazija. Mama kashakufa. Sote tuliobaki tuna hamu nawe. Rudi, au andika."

Na mimi, kwa ujinga wa mtoto wa mjini aliyefaulu insha, niliyaona maneno yale machache na mabovu. Nikamwandikia: Mimi, Kazija, mkaazi wa Jambiani, kwa kipindi kirefu nimekuwa nikimtafuta ndugu yangu mpendwa ambaye tulipoteana kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Nikamsomea. Akanitazama kwa heshima, akasema, "Umeyapamba." Nilidhani ananisifu.

Baada ya siku tatu ndipo alipoingia mtu aliyejiita Mpenda Haki. Nayakumbuka maneno yake ya mwanzo kwa sababu baadaye niliyasoma mara nyingi: Samahani jamani, mimi sina ubaya na mtu, nnauliza tu. Mkulima wa mwani wa Jambiani ndiye anayeandika "kipindi kirefu" na "nje ya uwezo wetu"? Hiki ni Kiswahili cha ofisini. Nani hasa anayemtafuta baharia huyu, na anamtakia nini? Uso uliniwaka, maana palipochomwa palikuwa pangu. Nikajibu kwa adabu kwamba mimi ndiye niliyeandika na maneno nimeyapamba mimi. Kisha, ili kuondoa shaka, nikayaweka maneno yake mwenyewe kama alivyoyasema. Asubuhi ya pili nikakuta: Ahaa, sasa wamemfundisha na kusema kishamba. Nikaiweka picha. Akaandika kwamba picha ya kijana mbele ya pazia ipo kila nyumba. Nikamwomba Bi Kazija alete barua ya sheha wake kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Akapoteza siku nzima ya kazi ya mwani kuitafuta, akaileta imekunjwa ndani ya Yasini. Mpenda Haki akaandika: na sheha naye tunamjua? Kabla ya picha alikuwa ameuliza kwa nini hakuna picha. Kabla ya barua alikuwa ameuliza kwa nini hakuna barua. Nami niliona, si kwamba sikuona. Lakini nilikuwa nimelelewa kwamba anayeuliza hujibiwa, na kumnyamazia mtu ni kukiri. Bi Kazija, siku ile ya barua, alikaa kwenye kiti cha plastiki akaniuliza, "Huyu mtu anataka nini, mwanangu?" Nikamwambia, "Anataka uhakika, Bi." Akasema, "Na akiupata, ataufanya nini?" Nikamimina chai. Badala ya kukaa na swali lile nikampa kashata.

Sasa nije kwenye uchafu wangu mwenyewe, maana si haki kumchukia mtu mmoja peke yake. Duka lilianza kujaa. Watu ambao hawakuwa wakimtafuta mtu yeyote walikuja kusoma. Mtu anaingia, hata salamu haijakamilika, "Leo Mpenda Haki kasemaje?" Wanaume wawili wa duka la vitambaa la ng'ambo ya njia walikuja kila baada ya adhuhuri na kahawa zao, wakasimama nyuma ya kiti changu, mmoja akisoma kwa sauti na mwengine akigonga paja kwa kucheka. "Hapo kampata! Enhe, na weye Rukia mjibu, usimwache." Nikimjibu vizuri walisema, "Umempasha, wallahi, huyo leo hapati usingizi." Kutoka Dubai na Toronto watu waliandika kunisifu kalamu yangu. Nilianza kutunga majibu njiani, nikitembea, midomo ikinicheza. Nilianza kutafuta neno tamu kuliko neno la kweli. Usiku nililala na Mpenda Haki kichwani, asubuhi niliamka naye, na Bi Kazija nilimkumbuka pale tu nilipohitaji kitu chake cha kumpigia yule bwana. Waliokuwa wakitafuta watu wao kikweli waliandika mistari miwili, ikasukumwa chini na kelele zetu, wakaondoka kimya. Yule mzee wa Malindi aliandika mara moja, "Hamtafuti tena mtu hapa," kisha hatukumwona. Nilimwambia Hilal labda tumfute huyu bwana. Akavaa miwani, akaivua. "Ukimfuta wataniita dikteta," akasema. "Baraza halimchagui anayekuja kukaa. Na watu wanasoma, Rukia. Hujaona wanavyosoma?" Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini sauti yake aliposema wanavyosoma ilikuwa ya mtu anayesifia mapishi.

Katika hali hiyo Pandu akaandika. Ilikuwa asubuhi, duka tupu, nimefungua mlango nusu. Dada Kazija. Ni mimi Pandu. Nnasoma haya yote. Nna mengi ya kusema lakini si hapa. Aliandika kutoka mji wa bandari wa mbali, wa baridi, na chini akaweka anwani ya barua pepe. Nilipiga simu kwenye duka moja la Jambiani lililokuwa na simu, na kesho yake kabla ya saa tatu Bi Kazija alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya kwanza, miguu haigusi sakafu. Nilimsomea. Akasema, "Tena." Nikamsomea tena. Mara ya tatu akaniuliza jina la Pandu liko wapi hapo. Nikamwonyesha, akaliwekea kidole kwenye kioo, kidole kile kilichopasuka, akakiacha hapo mpaka nikaona joto lake limetia ukungu kidogo. Hakulia. Alisema tu, "Yu hai," kisha akaomba maji ya kunywa.

Ndipo aliponieleza kwa nini ndugu yake ameandika "si hapa". Alinivuta kando, karibu na mlango wa uani, na akateremsha sauti ingawa hakukuwa na mtu. Pandu aliondoka siku ya harusi yake mwenyewe. Bibi harusi alikwishapakwa hina, amekaa ndani, wapishi wameshainjika masufuria, na bwana harusi alipotafutwa yumo melini. Ile familia ya mwanamke ilikuwa ya kijiji kile kile. Baba yao hakulitaja tena jina la mwanawe mpaka alipozikwa. Yule bibi harusi baadaye aliolewa na mtu mwengine, ana watoto wakubwa, wanazaa. Naye na Bi Kazija wanafunga mwani kambani bega kwa bega kila maji yakitoka, na hawajawahi kulizungumza, hata siku moja. "Hivyo ndivyo tulivyoishi," alisema. "Hili nnakwambia weye ili ujue namna ya kumwandikia. Usilitie humo." Nikamwambia, "Silitii, Bi." Tukamwandikia Pandu barua pepe fupi, akaenda zake kuwahi gari.

Mpenda Haki alilala siku moja tu. Kisha akaandika: Sasa tumeletewa na Pandu mwenyewe, mchezo umekamilika. Haya, mimi nnaomba kitu kimoja, nikikipata nitanyamaza daima. Kama huyu ni dada na yule ni ndugu, basi dada aseme: kwa nini aliondoka? Wakikosa jibu, ni matapeli. Neno lile nitanyamaza daima lilinirukia kama mbwa. Watu wa duka la vitambaa walikuja mapema. Kutoka kila upande wakaandika: jibuni, Yuko Wapi, jibuni tuone. Wengine walikuwa watu wema kabisa, waliochoka tu na ubishi na wakataka uishe. Nilikaa siku mbili. Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa, wanaume walikuwa wamerudi kutoka msikitini, chumba kimejaa harufu ya udi na jasho, na Hilal akapita nyuma yangu akasema, bila ya hata kusimama, "Kama jibu unalo, mpe leo, tupumzike." Nilikuwa nalo. Lilikuwa jibu zuri sana, hakuna mtu ambaye angeliweza kulibuni. Niliandika yote, hina na masufuria. Hata kule kuwa bega kwa bega kwenye mwani nilikutia, kwa sababu ilikuwa sentensi nzuri.

Kwa muda wa saa mbili nilikuwa mshindi. Walinipigia makofi. Mtu alininunulia juisi ya ukwaju. Kisha Mpenda Haki akaandika, naye hakunyamaza kama alivyoahidi: Kumbe! Mtu aliyemtia aibu mtoto wa watu ndiye mnayemtafuta kwa machozi? Na bibi harusi mwenyewe ni nani, yuko wapi, anasemaje? Na watu, wale wale walionipigia makofi, waliigeukia habari mpya kama nzi wageukavyo pale sahani inapohamishwa. Kabla ya alasiri palitokea mmoja aliyedai anamjua yule mwanamke. Mwengine akaandika jina lake. Nikalifuta, likaandikwa tena, nikalifuta. Jumamosi asubuhi Pandu aliandika maneno matatu. Nimeona. Msinitafute tena. Nilimwandikia kwenye anwani yake mara nyingi kuomba radhi, na kila barua ilirudi: anwani ile haipo. Nalisema hili mapema, asije mtu akawa anasoma kwa matumaini: Pandu hakuandika tena, si kwangu, si kwa dada yake, na hata leo sijui kama yu hai au alizikwa huko huko.

Siku chache kabla ya Ramadhani aliingia dukani mgeni, amevaa shati la mikono mifupi, na mfuko wa zawadi kutoka nje. Alisimama katikati ya chumba, akaangalia kompyuta, akaangalia feni, akatabasamu kama mtu aliyefika kwao. "Ndo hapa basi," akasema. "Mimi ndiye Mpenda Haki." Jina lake halisi lilikuwa Twahir, mtu wa hapa hapa Mji Mkongwe aliyehamia Ulaya kusoma na akabaki. Watu wa duka la vitambaa waliitana, wakamshika mkono kama mchezaji mpira. Hilal alimletea kiti. Mimi nilimtazama nikiwa na swali moja tu, na nilingoja mpaka akanywa chai yake nusu. "Bwana Twahir," nikamwambia, "ulidhani kweli Bi Kazija ni tapeli?" Akashangaa. Alishangaa kweli, kikombe kikabaki hewani. "Tapeli? Aa, hata. Nlijua toka siku ya mwanzo kuwa ni dadake. Mama mtu mzima yule, ataiba nini?" "Sasa kwa nini uliuliza yote yale?" Akacheka, akawatazama wenzake wacheke naye, nao wakacheka. "Mbona umelitia moyoni, dada yangu? Mimi nlikuwa nnachangamsha baraza. Kule nakaa peke yangu, kazi, baridi, chumba. Nikiandika, asubuhi nakuta umejibu. Na weye ulikuwa ukijibu vizuri, usikatae. Ungeninyamazia wiki moja tu, ningehamia pengine."

Nilitoka nikaenda uani, kwenye mfereji wa nyuma, nikatapika mbaazi zote na chai yote. Si kwa kuwa alikuwa shetani. Laiti angekuwa shetani. Alikuwa mtu mpweke aliyetaka aulizwe hali, akala maisha ya watu wengine kama mtu anayetafuna karanga akingojea meli, na mikono iliyommenyea zile karanga ilikuwa hii yangu. Nilinawa uso nikarudi ndani. Alikuwa akieleza jinsi alivyolipata jina la Mpenda Haki. Nikakaa mezani kwangu, nikatia neno la siri, nikafuta kila kitu chenye jina la Kazija na Pandu, mstari kwa mstari, na yake yote, na yangu yote. Hilal alipoona alikuja akasimama nyuma yangu. "Rukia, unafanya nini? Hiyo ndiyo iliyosomwa kuliko zote." Nikamwambia, "Ndiyo hiyo ninayoifuta." Hakunizuia, lakini tangu siku ile hakunituma tena mkate, na mimi niliondoka pale mwezi ule ule. Ukurasa uliendelea kwa mwaka mmoja na kitu. Nasikia mwishoni hakukuwa na mtafutaji hata mmoja, walibaki wanaojibizana.

Jambiani nilikwenda mfunguo mosi, baada ya sikukuu. Nilikuwa nimejitungia maneno ya kuomba radhi, marefu, yamepangika. Nilimkuta Bi Kazija uani kwake, mwani umetandazwa juu ya makuti, wa zambarau na wa kijani, unanuka bahari iliyokaa juani. Alinipokea kama mgeni anavyopokewa, akanitandikia jamvi, akaniletea muhogo wa nazi na kipande cha pweza, akaninawisha mikono kwa kunimiminia maji yeye mwenyewe. Hakula nami. Alikaa pembeni akinitazama nikila, na mimi nilikula kwa sababu ningekataa ningemtukana mara ya pili. Ilikuwa ni wakati wa maji kutoka, na njia ya kwenda pwani ilipita mbele ya ua wake. Wanawake walikuwa wakiteremka wawili wawili na kamba mabegani, wakisalimiana kwa sauti. Walipofika usawa wa mlango wake sauti zilishuka. Nikamwuliza yeye haendi. Akasema siku hizi anakwenda nyuma yao, wakisharudi, akaokota kile ambacho maji yamemwachia. Yule mwenzake, yule niliyemwandika, hafungi tena upande wake. Watoto wake wakubwa walikuja kumwuliza Bi Kazija kwa nini amemtoa mama yao uchi mbele ya watu. "Nikawaambia sikumtoa mie," alisema. "Wakaniuliza, basi nani mwengine aliyejua?"

Nilianza maneno yangu niliyoyapanga. Nikamweleza kwamba yule mtu aliahidi kunyamaza, kwamba watu wote walikuwa wakingoja, kwamba nilidhani nikimjibu hili moja yataisha na jina lake Bi Kazija litasafika. Alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikata. Kisha akaniuliza, taratibu, kama anayetaka kufahamu tu, "Yule mtu ulikuwa ukimjua?"

"Hapana, Bi. Wakati ule simjui."

"Baba yake? Kwao?"

"Simjui kwa lolote."

Akatikisa kichwa, akaitazama mikono yake. "Humjui, ukamjibu kila alilokuuliza," akasema. "Mie unanijua, nimekaa kitini pako, nimekwambia usilitie. Hukuniuliza." Aliondoa sahani mbele yangu, akaenda akainama kwenye makuti, akaanza kuugeuza mwani, kwani upande wa juu ulikuwa ushakauka.